Mashine ya Majani, Namba 38-65

Jumatatu, 1 Septemba 1969. Kasese.

Mvua tena. Majani ya uwanja wa kanisa yamefika magotini. Leo katika baraza la wazee tumesomewa barua: Kanoni, mkuu wa makanisa ya wilaya yetu, atafika Jumapili ya tarehe 14 kwa sikukuu ya mavuno. Kwa desturi yetu, mzee anayetunza uwanja ndiye amfunguliaye mgeni mlango wa gari na kutembea kuumeni kwake hadi ndani. Miaka tisa mfululizo mzee huyo ni mimi, Kezironi.

Mzee Zedekiah akakohoa. Akasema, kwa upole wake ule nisioupenda, kwamba labda safari hii heshima hiyo apewe mtu atakayeyakata majani kweli. Baraza likaitikia Amina. Upesi mno!

Nikasimama. Nikatangaza kwamba wanawake wayapumzishe mafyekeo yao, maana uwanja utakatwa kwa mashine. Mashine hiyo tuliachiwa mwaka 1965 na mhandisi mmoja wa mgodi wa Kilembe aliporudi kwao. Ilifanya kazi misimu miwili, ikanyamaza. Tangu hapo imelala chumba cha nyuma, imefunikwa kanzu kuukuu ya kwaya.

Sina hofu. Vyombo vyote vya kanisa vi salama chini ya uangalizi wangu. Kila kimoja nilikipiga namba kwa msumari na nyundo: ngoma ni 9-65, benchi la wazee ni 12-65. Daftari la namba hizo limeliwa na mchwa, lakini kazi ya mkono ingalipo.

Naandika haya kwa Kiswahili nilichofundishwa chuo cha Biblia, kwa kuwa mke wangu Yudesi, ambaye naongea naye lugha ya kwetu tu, hakisomi. Mtu mzima anahitaji chumba kimoja chenye komeo.

Jumanne, 2 Septemba.

Nimemwita Koplo Omara, fundi wa magari wa kambi ya jeshi. Alikuja na bisibisi moja. Akaifungua kabureta kwa muda mfupi kuliko sala ya chakula, akatoa kingozi chembamba cha mviringo kilichopasuka katikati. Kumbe ndicho kinachovuta petroli. Bila hicho hakuna moto.

"Mashine iko mzima, mzee," akasema. "Ni ngozi tu imekufa. Lete namba ya injini, basi."

Nikauliza namba gani. Akaeleza kwamba injini ndogo zafanana kama mbuzi wa zizi moja, ila kiwanda hupiga kila moja namba kwenye bati lake, na vipuri hutafutwa kwa namba hiyo. Akalitafuta bati. Bluu tupu. Akauliza ni nani aliyepaka rangi.

Nikajibu kwamba huenda ilitoka kiwandani hivyo. Mungu anisamehe. Ni mimi, mwaka 1966, rangi ya kanisa, mara mbili. Nilipaka mabenchi, nikapaka ubao wa matangazo, nikapaka toroli. Brashi ilikuwa bado mbichi. Ningefanyaje?

Jumatano, 3 Septemba.

Sikuweza kukaa. Chai niliinywa nimesimama. Nikachukua kisu cha jikoni cha Yudesi bila kumweleza, nikaanza kukwangua. Nilianzia chini ya mpini, kwa hoja kwamba mwenye akili huweka jina lake mahali anaposhika.

Saa tano hivi, ufunuo! Chini ya bluu, ndani ya chuma chenyewe: 38-65.

Nilipiga magoti. Zedekiah akapita na fyekeo begani, akauliza kama siku hizi tunaiabudu mashine au tunaiombea tu. Nimeiandika namba mahali patatu: katika Biblia, ndani ya kofia, na kiganjani.

Alhamisi, 4 Septemba.

Dukani kwa Bi Hamidah, karibu na stesheni. Ana vipuri vya baiskeli, vya pampu na vya matrekta ya pamba, na ana vitabu vya namba vinene kuliko vyangu vya tafsiri ya Maandiko. Akafungua kimoja, akafungua cha pili. Hakuna 38-65. Akauliza mhimili wa injini unasimama au unalala. Nikajibu kwamba mashine yote imelala tangu 1967.

Akaweka kidole kwenye ukurasa, akauliza:

"Mzee wangu, kwa nini hukuniletea hicho kingozi chenyewe nikakipima?"

Nikamweleza kwa utulivu kwamba kutembea na kitu kilichopasuka mfukoni hakumfai mzee wa kanisa, na kwamba namba ni namba. Akasema basi nijaribu Bwera, siku ya soko, kwa Mkongo aitwaye Sosthène anayeuza mabaki ya injini za mashamba ya kahawa. Alisema hivyo akifunga kitabu. Nadhani aliona haya kwa kushindwa.

Ijumaa, 5 Septemba. Bwera.

Nilisafiri juu ya lori la chumvi. Tembo wawili walisimama barabarani muda mrefu kama wazee wa baraza. Nilihesabu siku zilizobaki, nikazihesabu tena.

Sosthène ni Mkatoliki wa Butembo, mtu wa maneno matamu. Nikamwonyesha kiganja. Jasho lilikuwa limefuta nusu, nikavua kofia.

"Papa, hii namba haiko ya motere," akasema, kwao injini ikiitwa hivyo. "Ulete kile kipande, tupime. Hapana?"

Yeye pia! Nikamsomea somo fupi juu ya imani katika mambo yasiyoonekana. Alisikiliza vizuri. Kisha akainama chini ya meza, akapekua, akainuka na ngozi nyeusi ya mviringo, akaapa kwa Bikira kwamba hiyo ndiyo 38-65, ya mwisho mpaka Beni. Hakutaka fedha. Alitaka mwavuli wangu, ule alioninunulia Yudesi.

Nikampa. Mvua ilianza kabla sijafika kwenye lori.

Jumamosi, 6 Septemba. Kasese.

Nimemwambia Yudesi kwamba mwavuli ulichukuliwa na tembo. Akasema hajapata kusikia tembo anayeogopa mvua.

Omara alipoiona ngozi alicheka mpaka akakaa chini. Alisema ni ya pampu ya petroli ya lori, na kwamba ingetosha kufunika chungu. Zamu ikamwita akaenda. Mimi nikachukua mkasi. Kitu kikubwa hupunguzwa. Nikakipunguza, nikakipachika, nikavuta kamba.

Ikawaka! Moshi mweusi, ngurumo ya siku ya mwisho. Nikauachia mpini ili niinue mikono nishukuru. Hapo ndipo mashine, ambayo injini yake huzungusha na magurudumu, ilipoondoka peke yake. Ilipita kando ya majani yote bila kuyagusa, ikaingia katika maua ambayo Yudesi na akina mama wenzake waliyapanda kwa ajili ya Kanoni, ikayanyoa hadi mwisho wa safu, ikazimika, ngozi yangu ya mkasi imechanika.

Yudesi alikuja kusimama mlangoni. Chakula cha jioni kilikuwa kiazi kimoja.

Jumapili, 7 Septemba.

Zamu ya Zedekiah kuchagua somo. Alichagua lile la majani na maua. Alilisoma polepole, akinitazama kila aliposhusha pumzi.

Jumatatu, 8 Septemba.

Yudesi alifuata kisu chake. Nilimkuta amechuchumaa kando ya mashine na kitambaa chenye mafuta ya taa. Alikuwa amefika chini ya mpini.

"Baba Mbambu, huu ni mwandiko wako. Nane yako ina mkia."

Nikasema wapo wazungu wengi ambao nane zao zina mikia. Akaniambia nikalitazame toroli alilobebea udongo wa maua. Nikaenda. 39-65. Nikatazama mimbari. 37-65.

Niliporudi alikuwa ameshafuta bluu yote juu ya plagi. Mistari mitatu ya namba na herufi, safi kama siku zilipopigwa. Akasema angezionyesha Jumanne iliyopita kama mtu angemwuliza. Akaongeza kwamba Sosthène wa Bwera ni jirani wa dada yake, na mwavuli unaonekana sokoni, haujakanyagwa na tembo yeyote.

Jumanne, 9 Septemba.

Nimempelekea Bi Hamidah namba mpya, na kingozi kibovu ndani ya bahasha. Nilisema kimejileta. Akanieleza kwamba mstari wa kwanza ni ukubwa wa injini, wa pili ni aina ya mashine iliyofungwa, wa tatu ni tarehe ya kuzaliwa kwake. Kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza alioufungua. Kingozi kipo Kampala, kitakuja kwa treni ya Jumamosi.

Jumamosi! Siku moja kabla ya mgeni. Nilirudi nyumbani kwa kuzunguka mji mara mbili.

Alhamisi, 11 Septemba.

Nimeamshwa na sauti ya chuma. Wanawake wote uwanjani, mafyekeo yakipaa na kushuka, wimbo juu. Mbele yao Zedekiah. Pembeni yake Yudesi! Nikamwuliza kwa upole ameolewa na nani. Akajibu kwamba Kanoni hataingia kanisani kwa kuogelea majani ili mimi nimfungulie mlango.

Nikaomba waniachie kipande kimoja tu, hatua kumi kwa kumi, mahali gari la mgeni litakaposimama. Zedekiah akakubali mara moja. Tabasamu lake halikunipendeza. Nimekizungushia kamba kipande changu, na nimekilinda dhidi ya mbuzi mpaka jua lilipozama.

Jumamosi, 13 Septemba.

Treni ilichelewa. Nilitembea stesheni kutoka mwisho huu hadi mwisho ule mpaka mkuu wa stesheni akaniuliza kama nimepotewa na mtu. Kingozi kimefika! Omara akakifunga kabla chai haijapoa. Mvuto mmoja wa kamba, na mashine ikaimba. Alinitaka niyakate majani yale palepale, yangali makavu. Nikakataa. Kesho, mbele ya macho ya mgeni, wote watajua ni nani mtunza uwanja.

Jumapili, 14 Septemba.

Mvua kuanzia alfajiri hadi saa mbili. Majani yamelowa.

Nilikuwa nimepanga hivi: gari linasimama, mashine inanguruma, nakata mstari mmoja mnyofu, nazima, nafungua mlango. Gari likasimama. Nikavuta kamba. Nikavuta tena. Nilikuwa nimeinama kwenye mvuto wa saba niliposikia mlango wa gari ukifunguliwa na jozi mbili za viatu zikipita nyuma yangu. Viatu vya Zedekiah navijua kwa mlio. Sauti ya upole ya Kanoni ikanibariki mgongoni, ikaendelea.

Miaka tisa.

Nikavuta mara ya nane kwa uchungu tu. Ikawaka. Kanoni alikuwa ndiyo kwanza ameanza sala. Haikusikika sala, haikusikika Amina. Nilizungusha kila kilichozunguka, haikuzima. Omara akatoka kanisani na sare yake, akang'oa waya wa plagi, akasema, "Pumzika, mzee," akarudi kwenye benchi.

Baada ya ibada Kanoni alinitafuta. Nilijiandaa kwa karipio. Kumbe alinishika mkono, akasema ana pampu ya maji nyumbani kwake, imenyamaza mwaka mzima, na hajapata kuona mtu anayepigana na injini kwa bidii kama mimi. Ataniletea. Zedekiah alikuwa amesimama karibu. Alisikia kila neno. Nilihakikisha.

Jumatano, 17 Septemba.

Pampu imefika kwa gari la misheni. Chuma kizuri, lakini kichafu kwa kutu. Zedekiah amekuja kuitazama na kukohoa.

Nimejifunza mengi katika majuma haya mawili, na lililo kuu ni hili: chombo kisichowekewa alama ya wazi huleta fedheha. Kwa hiyo nimeamka mapema. Nimeipiga namba, 40-69, kwa msumari mkubwa zaidi, ili safari hii mtu asiwe na shaka. Kisha bluu ya kanisa, mara tatu. Na kwa kuwa ilibaki nusu kopo, mashine ya majani pia, kuanzia mpini hadi juu ya plagi, mahali ambapo Yudesi aliiacha uchi.

Pampu ilikuwa na kibati kidogo ubavuni, kimejaa namba na herufi za kigeni, kikizuia brashi kupita. Nimekibandua. Nimempa Yudesi akitumie kukwangulia vyungu.

Amekigeuza upande wa namba. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili safi, kama hilo nalo nimeshaliandika katika shajara yangu.