Tundu la Sajini Kibii

Jumatatu, 2 Juni
Kazi nimepata! Mzee Kosgei, rubani mstaafu wa jeshi, ana helikopta ya vita ndani ya banda la mbao hapa Elburgon. Aliinunua kama chuma chakavu. Anataka ing'ae kufikia Jumamosi. Akiridhika, mimi ndiye fundi mkuu wa makumbusho yake. Asiporidhika, narudi Nakuru kunyoosha bodi za magari ya Probox, na Kimaiyo, mpaka rangi aliyeikosa kazi hii, anicheke hadi Krismasi. Nilimwambia mzee nimetengeneza ndege miaka kumi. Probox nazo zinakimbia kama ndege.

Mzee kasema niguse kila kitu isipokuwa tundu la risasi kwenye mlango wa kushoto. Hapo ndipo Sajini Kibii, mshika bunduki wake, alipigwa wakiwa hewani. Alikufa kwenye kiti cha kushoto, mkanda ukiwa umefungwa. Nikaitikia, ndiyo mzee. Lakini jamani! Fundi gani huacha tundu?

Jumanne
Nimeliziba. Puti ya kuzibia bodi, msasa, rangi ya kijani. Safi! Macho ya mzee hayaoni vizuri, hatajua.

Jumatano
Ukungu hadi mlangoni. Puti imetoka! Iko juu ya kiti cha kushoto, nzima, mviringo kama kichapati. Kimaiyo huyo, nani mwingine? Nimeziba tena, nikafunga banda na kufuli yangu.

Alhamisi
Kufuli iko sawa. Puti iko kitini. Mkanda umefungwa, na jana niliuacha wazi, haki ya Mungu. Chepkosgei, mama wa chai, akaniambia niache tundu la watu. Nikamwambia ashughulike na chai yake. Nimechomelea bati. Hilo halitoki!

Ijumaa
Limetoka. Limesukumwa kutoka ndani. Niliogopa, nakubali. Nilikaa nje kwenye nyasi hadi saa nne asubuhi.

Jumamosi
Mzee alitia kidole kwenye tundu, akalia. Akasema Kimaiyo alimwambia wazi kwamba lazima alizibe, ndiyo maana akamnyima kazi. Eti mimi peke yangu nimemheshimu Kibii. Nikainamisha kichwa. Fundi mkuu!

Kaagiza kiti cha kushoto kisitolewe kamwe. Nimekitoa. Pale nimeweka cha Probox, nani atajua?

Jumapili
Naandika nikiwa nimekikalia kiti cha Kibii, sebuleni kwangu. Raha! Trizah, mke wangu, amekataa kuingia. Ameniuliza kutoka mlangoni kwa nini nimefunga mkanda.

Sijaufunga. Na haufunguki. Si neno, kesho nitaukata, niweke wa Probox.