Sala Niliyomwombea Daktari wa Woga

Leo nimeaibika mpaka kofia yangu imeona haya.

Gego langu la kushoto mnalijua. Limenitesa tangu mahindi ya nyuma ya nyumba hapa Batsinda yakiwa mbegu. Sasa mnayachoma, mnayatafuna, mimi nayatazama! Kwa daktari wa meno nimekwenda, lakini nikiona sindano tu, miguu inatoka kabla yangu. Mara ya mwisho nilidandia moto, hizi pikipiki za abiria, na kile kitambaa cha daktari bado shingoni. Dereva akaniuliza kama nimekimbia kinyozi.

Sasa kwa Mama Claudine habari ilikuwa nyingine. Huyu ni bamwana wangu, ndivyo tunavyoitana huku sisi ambao watoto wetu wameoana. Yeye anajua kwamba kule Karagwe nilikokulia niling'olewa jino kwa koleo na sikupepesa jicho. (Koleo ni kweli. Jino lilikuwa la kaka yangu.)

Basi leo kliniki wakanipeleka kwanza kwa binti mmoja, Solange, mtaalamu wa hipnosisi. Nimelitamka neno hilo hadi ulimi ukagoma. Nikamwambia, binti, akili zenyewe zimebaki chache, usizichukue.

Akacheka. "Muzee, hapana uchawi. Hutalala. Utasikia yote, na kitu hutaki, unakataa. Mimi iko natuliza woga tu. Sindano ya ganzi itabaki."

"Itabaki?"

"Itabaki, Muzee."

(Nikautazama mlango.)

Akanikalisha kwenye kiti laini kuliko nilichokalia harusi ya mwanangu. Sauti yake ikashuka. "Fumba macho. Pumua taratibu. Tua mizigo yote..."

Niambieni nyie! Mtu nimeongoza sala za majirani hadi mvi zimeota. Naambiwa nifumbe macho, kwa sauti ya upole, nitue mizigo. Ningefanya nini? Nikasimama. Nikavua kofia. Nikaomba!

Na mimi siombi kwa kunong'ona. "Ee Mungu, mbariki binti huyu! Bariki na viti vyake! Wajua Baba, mtumishi wako anaogopa sindano kuliko kaburi! Wajua lile jino la Karagwe lilikuwa la kaka yangu!"

"AMINA!"

Wagonjwa wote waliokaa nje ya mlango. Na sauti iliyozipita zote niliitambua. Mlango ukafunguliwa, Mama Claudine huyo, shavu limevimba kama andazi.

"Bamwana! Kumbe la kaka yako?"

Nikavaa kofia. Nikaivua tena.

"Nami nimekaa hapo nje natetemeka, najipa moyo: kama bamwana hakupepesa jicho, mimi ni nani?"

Tukaanza kucheka, huku kila mmoja ameshika shavu lake kwa maumivu. Solange akajifuta machozi. "Muzee, mizigo umetua kweli. Sasa kaa, tuanze."

Safari hii nikamsikiliza. Akaniambia nichague mahali penye amani, nikachagua malisho ya ng'ombe wa baba. Sikulala. Nilizisikia hata pikipiki barabarani. Daktari wa meno akaja, sindano ikaingia, nikaisikia kwa mbali, kana kwamba anachomwa jirani. Jino hili hapa, nimelifunga kwenye leso. Jamani, ni jepesi! Limewezaje kuninyima usingizi?

Nilipotoka, Mama Claudine akanishika mkono. "Imeuma?"

"Kidogo," nikasema. Akaingia mwenyewe, bila kusukumwa.

Haya, chekeni. Mimi nitajiunga nanyi ganzi ikiisha.