Mapokezi ya Mashua ya Kijiji, Magamba

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu, Ndugu Mwakilishi wa Ndugu Katibu wa Wilaya aliyeko safarini, Ndugu Mabalozi wa nyumba kumi kumi, Ndugu Bwana Misitu ambaye msitu wake tuliusumbua kidogo, Padri, Shehe, walimu, akina baba wenye mikono mifukoni, akina mama wenye watoto mgongoni, na wewe Mama Jenoveva, mkunga wetu, ninayekuona umekaa mbele kabisa kama kawaida yako: nawasalimu kwa jina la Maendeleo! (Makofi ya watu watatu. Upepo unalichapa turubai lililotandazwa juu ya jukwaa.)

Mimi, Ndugu Yonathani, Mratibu wa Muda wa Michezo ya Maji Nyanda za Juu, nimepanda kutoka Tanga kuwaletea ripoti ya implimentesheni ya Mashua ya Kijiji, ile ambayo kwa uzalendo usio na kifani mliamua, baada ya mimi kuwaamulia, kuitolea mbao za mkulo, mti wa msitu wetu, na turubai, vilivyokuwa vimekaa bure vikisubiri kuezekea zahanati. (Mama Jenoveva: "Havikukaa bure, mwanangu! Juzi Mwanasha kajifungua chini ya mwavuli!") Asante, mama, hilo nitalijibu katika kipindi cha maswali, ambacho kwa uhaba wa muda kimefutwa.

Wapo wapinga maendeleo waliouliza, watu wa milimani na mashua wapi na wapi? Ndugu zangu, kabla ya Uhuru mashindano ya klabu ya mashua ya Tanga, haya tuliyokusudia kuyaingia, yalikuwa ya mabwana wenye kaptula nyeupe, mmoja anashika usukani, wengine wanatii. Sisi tukasema basi! Katika mashua ya kijamaa usukani utashikwa na kamati, na kamati itakutana kila baada ya miezi mitatu. (Kicheko.) Tukachagua mabaharia humu humu kijijini, Ndugu Secilia akawa kiongozi wa kamba, wakafanya mazoezi juu ya benchi la shule, hapa hapa penye upepo, wakavuka lengo kwa asilimia mia na kumi na nne. Mmewaona wenyewe! Upepo ukija kushoto, wote wanajitupa kushoto, migongo nje, ili chombo kisipinduke, Secilia akiita "Vuta!", kamba zote zinavutwa kwa pumzi moja. (Vigelegele. Mabaharia, walioketi safu ya nyuma, hawatabasamu.)

Sasa nije kwenye siku yenyewe ya mashindano. Upepo ulivuma kwa kiwango ambacho wataalamu wanakiita kikubwa. Mashua za klabu zililala ubavu, matanga yakachanika, mkurugenzi mmoja akavunjikiwa mlingoti akarudishwa kwa kukokotwa kama mbuzi wa mnada, wakati mimi, ndugu zangu, sikutikisika hata kidogo: nilikaa imara barazani kwa klabu, kiti cha mbele, gilasi mkononi, nikiwawakilisha. (Baharia Faustine: "Na sisi tuliosubiri pale Soni kutwa nzima lori la kutupeleka Tanga, lisije, tuliwakilisha nini?") Nyinyi, kijana, mliwakilisha subira. Na takwimu hazidanganyi: klabu nzima ilitumbukiza watu majini, Magamba haikutumbukiza hata mmoja! (Kicheko kirefu. Turubai linavimba, kamba moja ya jukwaa inafyatuka.)

Mtu aishike kamba ile, tafadhali. Katika awamu ya pili, ambayo sabkamati imeshaipitisha kimsingi, tutajenga bandari hapa Magamba, na maji yatafuata. (Mama Jenoveva anasimama: "Mwanangu, vuli hiyo inakuja. Amina siku zake zimefika. Nipe mbao zangu, hayo maji Mungu atayaleta bila kamati!" Makofi ya mkutano mzima.)

Nashukuru kwa makofi hayo. Namalizia. Mashua ni Kazi! (Mama Jenoveva hajaketi.) Tanga Juu, Bepari Chini! (Mabaharia wanainuka safu ya nyuma.) Na sasa shukrani za pekee zimwendee fundi Hassani, ambaye, kwa kuwa mashua yenyewe haikuwahi kuchorwa, wala mimi sikuwahi kumwagiza aichore, wala klabu haikuwahi kupata jina letu, alitumia busara akazipigilia mbao zile kuwa jukwaa hili zuri, na turubai likawa kivuli changu, hivyo asitokee mtu kusema mali ya umma imepotea, kwani yote ipo, chini ya viatu vyangu na juu ya kichwa changu.

(Secilia anakuja mbele, mabaharia nyuma yake. "Shikamoo, Ndugu Mratibu.") Marahaba. ("Tunaomba ushuke.") Lakini sijafika kwenye takwimu za... ("Shika kamba!" Mabaharia wanazishika kamba za turubai.) Ndugu Secilia, huu ni mkutano halali! ("Vuta!" Turubai linajaa upepo. Jukwaa linainama kushoto.) Egemeeni kulia, ndugu zangu! Kulia! Mtanipindua! (Faustine: "Hapana, Mratibu. Leo tunawakilisha.")

("Vuta!")

Basi, asanteni kwa kunisikiliza... (Jukwaa limefumuka. Mratibu yuko kwenye majani, kofia imetangulia bondeni. Mama Jenoveva anaokota ubao wa kwanza, anaupangusa alama za viatu, anauweka begani na kushika njia ya zahanati. Mkutano unamfuata.)