Arusi Kubwa Ndani ya Gari la Mkate

Jumatatu, 12 Desemba 1977. Moroni.

Leo nimenunua gari. Taslimu, mbele ya mashahidi, na muuzaji akanibusu mkono.

Nimeandika hivyo nione linavyosomeka. Linasomeka vizuri. Ila si kweli. Gari ni la yule Mfaransa wa mkate niliyemwendeshea miaka kumi na moja. Alipoondoka baada ya uhuru alinipa ufunguo, akaniambia nilioshe kila Jumamosi mpaka atakaporudi. Huu mwaka wa pili naosha. Mwenye kuosha ndiye mwenye mali. Kama hiyo si sheria, basi ingefaa iwe.

Ndani mna kitanda na mapazia. Kila msimu wa joto Mfaransa alikuwa akizima tanuri wiki tatu, yeye na mkewe wakalala garini, leo ufuko huu, kesho ufuko ule, kama watu wasio na ndugu. Tulikuwa tukiwahurumia. Sasa nimeona faida yake. Msimu huu nami nasafiri. Nitawatembelea marafiki zangu wa visiwa hivi, tuliojuana Unguja tungali na meno.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwaambia watu. Ya kweli naiandika kesho, Saoudat akienda kisimani. Mke wangu hasomi Kiswahili wala maandishi mengine yoyote, ila uso wangu anausoma bila miwani.

Jumanne, 13 Desemba.

Saoudat kaenda kisimani. Sababu ya kweli ni hii: nina miaka sitini na minane na bado mimi ni mtoto.

Kwetu Ngazidja ndevu hazimfanyi mtu kuwa mtu mzima. Kinachomfanya ni anda, arusi kubwa: uulishe mji wako nyama na wali, umvike mkeo dhahabu mji ukitazama. Unaweza kuifanya hata kwa mke uliyekwisha kuzeeka naye. Mimi na Saoudat tuna miaka thelathini na tisa ya ndoa. Wali tumekula. Dhahabu bado. Kwa hiyo pale uwanjani nakaa jiwe la nyuma, pamoja na vijana wanaovunja sauti, na nyama ikigawanywa fungu langu ni shingo. Kila mara shingo. Ng'ombe wa mji huu sijui wana shingo ngapi.

Halafu kuna Chanfi, jirani yangu. Tulitahiriwa siku moja, na yeye ndiye aliyelia zaidi. Lakini alichinja ng'ombe tisa, basi anakaa jiwe la mbele na shali begani, ananiita kijana.

Serikali ya Ali Soilih ilipopiga marufuku anda, nilifurahi kuliko kamati nzima ya vijana wa mapinduzi. Vyeo vimekwisha! Ijumaa ile nikaenda nikakaa jiwe la mbele. Hakuna aliyenikemea. Chanfi alisimama taratibu, akasema jua la pale silo, akaenda kukaa jiwe la nyuma. Wazee wote wakamfuata. Tangu siku hiyo nyuma ndiyo mbele. Mimi nilibaki mbele na mbuzi wawili wa mtu.

Nikafahamu kwamba tangazo la redio halimkuzi mtu. Chungu ndicho kinachomkuza. Na hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Anda imekatazwa, kwa hiyo lazima ifanywe kwa siri. Ikifanywa kwa siri, nani atadai ng'ombe tisa? Mbuzi mmoja anatosha. Nitaifanyia garini, mapazia yamefungwa, kutoka rafiki hadi rafiki, chungu kile kile. Tumbo ni tumbo. Akili kama hii Chanfi hana.

Jumatano, 14 Desemba.

Nimemwambia Saoudat. Alikuna nazi mbili, kisha akauliza dhahabu iko wapi. Nikamjibu iko tayari. Kweli iko tayari. Nimevua pete nane za shaba za mapazia ya gari, nimezisugua kwa majivu na ndimu mpaka zinacheka. Mapazia nimeyafunga kwa kamba.

Alichotaka yeye ni godoro tu. Akasema limeraruka, akalipeleka kwa Roukia, mke wa Chanfi, wakalishona mchana kutwa mlango umefungwa. Wanawake na sindano.

Ajabu zaidi, jioni akaja Chanfi mwenyewe na dumu la petroli. Petroli siku hizi! Ni rahisi zaidi kumpata walii. Akaniambia kijana, endesha polepole, na gari usiliache peke yake hata dakika moja. Nilimtazama machoni nikaona wivu. Umemlainisha.

Alhamisi, 15 Desemba. Vouvouni.

Gari haliwaki bila kusukumwa. Safari ya nusu saa imekula asubuhi nzima, na sehemu kubwa Saoudat alikuwa nyuma akisukuma. Bi arusi gani huyu, alikuwa akisema kila tulipofika kwenye kilima.

Rafiki wa kwanza ni Rachadi. Mtu mzima wa Moroni kabisa, anda yake ilikuwa na ngoma siku saba, ila anaishi huku Vouvouni nyumbani kwa mkewe kama desturi ilivyo. Nilimchinjia kuku. Mbuzi anasubiri mji wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Rachadi aliingia garini, akavuta pazia, akala sahani mbili, akalamba hata kifuniko. Nikamwambia sasa, ndugu yangu, wewe ni shahidi. Akafuta mikono na kusema kwamba Vouvouni yeye ni mume wa mtu tu. Shahidi ni mtu aliyekaa juu ya jiwe la mji wake. Akanishauri nijaribu mbele.

Hayo aliyakumbuka baada ya kula.

Nikamkumbusha Unguja, mwaka wa arobaini, alipougua tumbo nikamsukumia rikwama lake la nazi kutoka Mwembeladu hadi Malindi. Hakukana. Alikiri mbele ya Saoudat kwamba anadaiwa nami msukumo mmoja. Nikamwambia auweke.

Mgongo unaniuma. Godoro hili lina mabonge kama gunia la viazi. Saoudat anasema ni makumbi yanajipanga.

Jumamosi, 17 Desemba. Bandari ya Moroni.

Meli imetia nanga mbali, gari likashushwa kwenye tishari kwa kamba na dua. Nahodha alikubali kulipakia kwa sharti moja: matenga yake ya kuku yasafiri ndani. Kwa hiyo ndani tupo mimi, Saoudat, mbuzi mmoja na kuku arobaini na wawili. Mfaransa angelia.

Kabla ya hapo alikuja Echat wa kamati kukagua. Ana miaka kumi na saba, shati la kijani linamfika magotini. Bibi yake nilikuwa nikimletea mkate. Akauliza bakoko, yaani babu, chungu kikubwa hivi cha nini. Nikasema cha kuchemshia nguo. Na mbuzi? Nikasema ni mwenzangu wa safari. Akaandika yote mawili. Kisha akakaa kitandani, akainuka upesi, akasema bakoko kwa umri wako ungelala pahali palaini. Nikamwambia mapinduzi hayataki ulaini. Hilo pia akaliandika, kwa heshima.

Saoudat alikuwa akitiririka jasho. Bahari inamsumbua hata meli haijaondoka.

Jumapili, 18 Desemba. Mutsamudu.

Rafiki wa pili ni Inzoudine. Unguja tulilala chumba kimoja miaka minne. Sasa ni sonara mkubwa hapa, nyumba yake imo katikati ya mji wa kale. Nilipanga niingie na gari mpaka mlangoni kwake, nikipiga honi, watu watoke wamwone mwenye arusi.

Mtu angeniambia habari za vichochoro vya Mutsamudu. Humo watu wawili wakikutana, mmoja lazima ameze tumbo. Gari liliingiza pua, likanasa kati ya kuta mbili. Honi nilipiga, na watu kweli walitoka. Bibi mmoja alitaka kufunga dirisha lake, kioo changu kikamzuia, akanitukana kwa Kindzuani cha huku, kirefu, ambacho, alhamdulillahi, sikielewi chote. Wapagazi kumi walitoka bandarini wakanivuta kwa nyuma. Nimeingia Mutsamudu kwa pua na kutoka kwa mkia.

Inzoudine akanifuata ufukweni. Tulikumbatiana, tukalia kidogo. Kisha macho yake yakaanguka kwenye mkono wa Saoudat, maana nilikuwa nimemvika bangili zote nane tangu asubuhi. Akaomba moja. Akaigeuza, akainusa, akairudisha mkononi mwa Saoudat taratibu kama anayefunika maiti. Akasema fundi wa mapazia amejitahidi.

Saoudat alicheka mpaka akakaa chini. Nikawaambia ni dhahabu ya Kizungu, hamwijui.

Jumatatu, 19 Desemba. Mutsamudu.

Siku kuu yangu. Nilichinja mbuzi alfajiri, nikamwalika Inzoudine na wazee watatu wa hapa, waje wawili wawili kwa sababu ya nafasi. Saoudat hakungoja. Alipanda mjini na godoro kichwani, akasema nyumbani kwa Inzoudine kuna mtu wa kulijaza upya. Bi arusi kabeba godoro siku ya arusi yake. Sikusema kitu, nilikuwa nakoroga.

Nilisahau kwamba mvuke hautunzi siri. Ulitoka kwenye tundu la paa na harufu ya mdalasini, ukaenda moja kwa moja bandarini. Mkubwa wa kamati, naye ni mmoja wa wapagazi walionivuta jana, akagonga mlango. Akauliza nini kinaendelea humu. Ulimi wangu, ambao sijui nani aliutuma, ukasema ni chakula cha umma.

Alifurahi mno. Akachukua debe, akalipiga. Walikuja wapagazi, wavuvi, wachambuaji wa karafuu, na yule bibi wa dirishani akaja na sahani ya kina. Mkubwa wa kamati aligawa mwenyewe, kwa haki, bila kujali vyeo. Wazee wangu watatu walipata maini wakaondoka bila kuaga.

Mimi nilipata shingo. Ya mbuzi wangu.

Hata hivyo nimehesabu: nimelisha watu mia na zaidi. Chanfi mwenyewe hakulisha mia siku moja. Godoro limerudi laini kabisa. Leo nitalala usingizi wa mtu mzima.

Ijumaa, 23 Desemba. Moroni.

Nimerudi jana. Leo baada ya sala nikaenda uwanjani, nikasimama mbele ya jiwe la nyuma ambalo sasa ni la mbele. Nikasema kwa sauti ndogo, kwa sababu ya sheria: wazee wangu, nimefanya. Nimelisha, mashahidi wapo, mke wangu amevaa. Nisogezewe nafasi.

Chanfi akauliza nimemlisha nani. Nikajibu Mutsamudu, bandari nzima. Akatikisa kichwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema basi, kijana, umewalisha Mutsamudu. Jiwe lako liko Mutsamudu. Wazee wakakohoa ndani ya mashali yao. Wote kwa pamoja. Homa gani hiyo.

Ningeondoka hapo. Lakini Chanfi akanishika mkono, akanivuta pembeni, akanishukuru kwa mzigo. Mzigo gani? Akanitazama kwa huruma, na huruma ya Chanfi inawasha kama upupu. Akanieleza. Kamati ya hapa imeanza kupekua nyumba za waliofanya anda. Dhahabu yote ya Roukia ilishonwa ndani ya godoro langu, ikapelekwa kwa Inzoudine aifiche mpaka mambo yatulie. Saoudat alijua. Inzoudine alijua. Chanfi alisema walichagua gari langu kwa sababu hakuna kamati duniani itakayoshuku gari lenye mimi ndani.

Siku nne nimelalia dhahabu ya ng'ombe tisa, na mke wangu nimemvika pete za mapazia.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeandaa hasira. Saoudat alikuwa kwenye mkeka akipepeta mchele. Mkononi mwake bangili moja. Moja tu, nzito, nyekundu, ya kweli. Ujira wake kutoka kwa Roukia. Zile nane alikwisha kuzirudisha kwenye mapazia ya gari, zimepangwa sawasawa. Hakuinua kichwa. Akasema baba wa watu, miaka thelathini na tisa nimekungoja wewe uniletee, kumbe ilikuwa nilifuate godoro.

Hasira ilikaa dakika moja hivi. Kisha nikaomba niiguse. Akaniruhusu. Kidole kimoja.

Jumamosi, 24 Desemba.

Nimeosha gari. Kuosha kunasafisha fikra. Nimetafuta kosa liko wapi, na nimelipata: mpango haukuwa na kosa. Mbuzi alikuwa mdogo na kisiwa hakikuwa chenyewe. Kisiwa cha Mwali ndiko. Kule nina rafiki mmoja ambaye huenda bado yu hai, na hakuna anayemjua Chanfi. Tena mtu aliyelalia dhahabu siku nne, akisema alikuwa nayo, atakuwa amesema uongo? Mgongo wangu ni shahidi, na huo hauna mji.

Pete za mapazia nitazivua tena Jumatatu. Safari hii nitatumia majivu ya mkoko.

Kilichobaki ni kulifikisha gari bandarini. Saoudat anasema hasukumi tena, mkono wake sasa una thamani. Kwa hiyo nachana nusu ya ukurasa huu nimpelekee Rachadi kule Vouvouni:

Ndugu yangu Rachadi, Mwembeladu hadi Malindi si mchezo, na rikwama lilikuwa limejaa. Ulikiri mwenyewe. Njoo Jumanne baada ya alasiri na bega lako moja, sitaki zaidi. Ila ule kabisa kwako kabla hujatoka.