Injini Yetu ya Kadi Mia Tisa

Jamani mliosoma na mimi, nimeaibika leo mpaka chakula kimenishinda.

Mnajua nafanya kazi Kibaha, kwenye karakana ya utafiti ya jeshi. Tunabuni injini ya boti za doria. Injini yenyewe haipo. Ipo kwenye kadi mia tisa zilizotobolewa matundu. Kompyuta ya Dar inazisoma kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, kisha inatuambia kama injini ingepasuka. Kupasuka kwenye hesabu hakuui mtu. Kazi yangu mimi ni kupunguza hatari. (Anzeni kucheka hapo.)

Leo mgeni rasmi ametoka Kisarawe kuja kuamua: tuijenge kwa chuma, au mradi ufungwe. Miezi saba nimepanda basi kituo cha Kwa Mathias kwenda Dar na sanduku la kadi mapajani. Miezi yote hiyo ilikuwa mikononi mwa mgeni huyo.

Niliandika orodha ya hatari arobaini na moja. Moto, kuvuja, umeme kukatika, nyoka. Kapteni, bosi wangu, akaisoma yote.

"Kadi umezitia namba?"

"Za nini, afande? Nazijua moja moja kama wanangu." (Sina mtoto.)

Leo kwaya ya akina mama ikaimba kumpokea mgeni. Mgeni rasmi hawezi kukaa mbele ya meza tupu, basi nikampangia kadi zote juu ya kitambaa cheupe, mafungu mafungu. Mbele ya meza tuliweka mfano wa injini wa mbao, na mbele ya mfano feni kubwa tuliyoiunda kwa mota ya mashine ya kusaga, ili kuonyesha upepo unavyopita ndani.

"Ndugu mgeni rasmi, karibu ubonyeze swichi."

Akabonyeza. Upepo ukaingia kwenye mfano vizuri kabisa, kama hesabu zilivyosema. Ukatokea upande wa pili. Upande wa pili ndiko ilikokuwa meza.

Kadi zikapita juu ya kwaya kuelekea barabara ya Morogoro. Nikazifuata kwa magoti. Akina mama, Mungu awabariki, wakaziokota zote, wakazikung'uta vumbi, wakazipanga upya wanavyojua wao.

"Mwanangu, makaratasi yako yameliwa na mende," mmoja akaniambia kwa huruma.

"Ndivyo yalivyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole."

Kapteni akanisogelea. "Ya kwanza ni ipi?"

Nikaziangalia. Zote matundu tu. "Sijui, afande." Machozi yalinitoka, sifichi.

Mgeni rasmi akasimama, nywele zote zimelala upande mmoja, anatabasamu. "Vijana, hongereni sana. Kazi nimeiona kwa macho yangu."

Nikajua tumepona. Kumbe mkono wake uko juu ya feni.

Mradi wa injini umefungwa. Feni zinatakiwa kumi na mbili, za ofisini kwake, kabla ya joto la Desemba. Mkuu wa mradi wa feni ni mimi. Mkinijibu barua hii, niulizeni afya tu, kazi muiache.