Foili ya Mke Wangu na Eksirei za Ajabu

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa maabara ametangaza: atakayetangulia kupima spektra ya eksirei za leza yetu ndiye atakayewasilisha matokeo mkutanoni ng'ambo. Yaani aseme katika kila mpigo dhaifu ni ngapi, kali ni ngapi. Kuzihesabu moja moja? Thubutu! Zinafika zote kwa mkupuo, kama watoto kengele ya shule ikilia. Dawa ni kupanga vipande vya metali mbele ya filamu, vyembamba hadi vinene. Dhaifu zikwame, kali zipenye na kuacha weusi kwenye filamu. Shemeji, kaka wa mke wangu na mshindani wangu humu maabarani, ameagiza vipande rasmi. Vinafika Ijumaa. Maskini! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nina jiko.

Jumanne, 5 Machi

Nimebeba foili yote ya jikoni, ile karatasi ya alumini ya kufunikia vyakula. Kipande kinene nimekikuta kimeshakunjwa, kimefunika sinia la kuku. Bahati iliyoje! Mke wangu akauliza kuku ataokwa na nini. Nikamwambia sayansi inaita. Akasema basi sayansi inipikie.

Jumatano, 6 Machi

Tumefyatua leza. Lo! Nyuma ya foili nene kuliko zote, filamu ina madoa meusi tititi! Eksirei kali ajabu, hazijapata kuonekana! Nimemwita Mkuu. Nimemwita na Shemeji, makusudi, roho imuume. Nimeshazipa jina langu.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu. Shemeji aliinua filamu kwenye taa. Madoa manne, mstari mmoja, kama yamepigwa rula. Akauliza, kwa ule upole wake wa kinafiki, kama foili hii haikutobolewa kwa uma. Dada yake huitoboa hivyo ili mvuke utoke. Kumbe ni mwanga wa leza uliopita matunduni! Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Nyumbani nikamuuliza mke wangu kwa nini hakunionya. Akaniwekea kuku mbichi kwenye sahani.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji alipima jana. Spektra safi, inashuka taratibu kama mteremko. Anasafiri yeye. Mimi nimepewa kazi ya kufuta lenzi.

Nimelitafakari sana kosa langu. Kosa ni alumini. Laini mno! Mtu makini hutumia madini ya risasi. Na risasi imejaa tele ndani ya betri ya gari la baba mkwe. Mzee yuko safarini, hatajua kitu.

Nimeshalegeza nati ya kwanza.