Injinia wa Joto

Muthama alikuwa amekaa nje ya duka la vifaa vya stima pale Sultan Hamud, akijipepea kwa kofia, aliposikia mama mmoja akimuuliza mwenye duka habari za kupasha nyumba joto. Riziki ya mjanja iko masikioni, naye aliyasogeza karibu.

Mama huyo aliitwa Mbinya, mjane wa Nunguni, juu mlimani kwenye baridi, aliyejenga nyumba ya mawe yenye sebule kubwa na madirisha makubwa zaidi, kisha Julai ikamkuta humo peke yake. Jiko la makaa alilikataa. Nusura moshi wake umuue dadake. Heater ya stima ilikula tokeni. Jiko la kuni lenye bomba la moshi lingemaliza mikaratusi yake yote, na baridi yenyewe ni ya miezi miwili tu.

Muthama, ambaye hakuwahi kusomea kitu isipokuwa nyuso za watu, aliinuka akiwa injinia.

"Mwaitu, kuna mashine inavuta joto ya nje inaleta ndani."

"Joto gani ya nje? Huko kwetu Nunguni?"

"Hii ya huku chini. Inapanda mlima yenyewe, mashine inaidaka tu."

Mbinya akasema pesa hana, ila ana mbuzi watatu.

Moyo wa Muthama uliruka. Kwa Wakamba, mbuzi watatu ndio ntheo, na bila ntheo mke bado ni wa babake hata mkiwa mnakula sahani moja. Baba yake Syombua, mwanamke aliyekuwa akiishi na Muthama, alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa ametuma neno kwamba Jumapili anakuja, na asipoona mbuzi ataondoka na binti yake. Muthama alimpenda Syombua kweli. Ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukidanganyia.

Basi akachukua boksi la spika kuukuu, akalipaka rangi ya fedha, akatia feni ndogo, nyaya nyingi za urembo, na balbu aliyoipata karibu.

Ijumaa alilifunga sebuleni kwa Mbinya, akakabidhiwa mbuzi, akaaga. Mbinya akamzuia. Kitu kipya hakiwashwi nyumbani kwake kabla ya kuombewa, na watu wa fellowship walikuwa njiani. Injinia gani anakimbia maombi?

Walikuja wakajaa hadi mlangoni, mzee wa kanisa Mwau akiongoza. Madirisha yakafungwa, mashine ikawashwa, wakaimba wakiruka. Chai ikaletwa ikichemka. Wimbo wa tatu haujaisha, watu walikuwa wakivua sweta. Mwau alijifuta jasho akamshukuru Mungu kwa injinia huyu.

Muthama naye alikuwa analowa. Alilitazama boksi lake kwa macho mapya. Huenda nyaya ziligusana vizuri bila yeye kujua. Hata wavumbuzi wakubwa, alijikumbusha, wengi walibahatisha. Aliona hoteli za Nairobi zikimpigia simu. Mbuzi watatu kwa kitu kama hiki? Alihisi ameibiwa, na ikamuuma sana.

Akamvuta Mbinya kando, akamwomba amrudishie mashine, naye achukue mbuzi wake.

"Na mimi nibaki na baridi?" Mbinya aliuliza kwa huzuni kubwa. "Angalau niachie hiyo koti yako."

Aliacha koti. Alishuka mlima akitetemeka, boksi amelipakata kama mtoto mchanga.

Nyuma yake Mbinya alimwambia Mwau kwamba amekwisha kuchagua njia ya kupasha nyumba joto: kila Ijumaa ya Julai na Agosti, fellowship itakuwa kwake. Mwau akauliza kama chai itakuwepo.

Jumamosi Syombua alimpokea mlangoni akichungulia nyuma yake. "Mbuzi wako wapi?"

Muthama alieleza yote, uvumbuzi, maombi na hoteli, kisha akachomeka waya. Feni ikakohoa. Wakangoja. Jasho lililowatoka lilikuwa la Sultan Hamud, lile la kila siku.

"Umebadilisha ntheo na joto," Syombua alisema polepole. "Ukaileta hapa."

Akalifungua boksi kwa nyuma, akachungulia. Akaingiza mkono akatoa balbu.

"Na mimi naoga gizani wiki nzima," alisema, akaenda kuirudisha bafuni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili.